Msimbo wa bodi yako ukae wapi: kerneli ya mtengenezaji, kerneli kuu, moduli ya pembeni, au nje ya kerneli kabisa

Kisanduku cha kupima kina cha maji kikishafungwa kwenye nguzo ya gati la Faza, kila hitilafu inayotaka mkono wa mtu ni safari ya boti kutoka Amu (mji wa Lamu), nauli, na kungoja maji yajae. Kwa hiyo anayechagua bodi ya kutia ndani ya kisanduku hicho anachagua na jambo la pili, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: msimbo unaoifahamisha kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, vifaa vya bodi hiyo utakaa wapi, na nani atakayeurekebisha kerneli ikibadilika mwakani.

Njia ni nne. Kubaki na kerneli aliyoitoa mtengenezaji wa bodi. Kutumia kerneli kuu, ile inayosimamiwa na Linus Torvalds na kutolewa kwenye kernel.org. Kubeba draiva yako (msimbo unaoendesha kifaa fulani) kama moduli ya pembeni inayokompailiwa upya kila kerneli inapobadilika. Au kuiacha kerneli ilivyo na kuzungumza na kipimo kutoka programu ya kawaida.

Mfano wetu kote ni mmoja: bodi ndogo yenye prosesa ya ARM, saa ya DS3231 yenye betri yake, kipimo cha mwangwi cha MaxBotix MB7040 kinachoyatazama maji kutoka juu, modemu ya 4G ya USB, na sola yenye betri ya volti 12.

## Shida ambayo kompyuta ya mezani haina

Kwenye kompyuta ya mezani, UEFI, programu ya kuwashia, huikabidhi kerneli majedwali ya ACPI yanayotaja vilivyomo, na vifaa vya PCI na USB hujitaja vyenyewe vikiulizwa. Laini ya I2C, nyaya mbili zinazounganisha vifaa vidogo kama saa yetu, haina adabu hiyo. DS3231 imekaa kwenye anwani 0x68, haimwambii yeyote kuwa ipo. Lazima mtu aiandikie kerneli: hapa pana saa, ya aina hii, kwenye anwani hii.

Zamani maandishi hayo yalikuwa ni C, faili moja kwa kila bodi, chini ya `arch/arm/mach-` na jina la chipu. Yalijazana hata Torvalds akalalamika hadharani Machi 2011. Dawa ilikuwa mti wa vifaa, utaratibu uliokuwa tayari kwenye prosesa za PowerPC: maelezo ya bodi yanaandikwa katika faili ya DTS, yanageuzwa kuwa DTB, na kerneli inayasoma inapowaka. Linux 3.7 ya Desemba 2012 ndiyo iliyoanza kuruhusu kerneli moja ya ARM iwake kwenye chipu za watengenezaji tofauti. ARM ya biti 64 iliingia katika toleo hilohilo, na haikuwahi kupokea faili za bodi za C.

Basi leo msimbo wa bodi ni vitu viwili vyenye tabia mbali kabisa. DTS ni maelezo. Ikiandikwa vizuri huendelea kufaa miaka mingi, kwa sababu kanuni ni kwamba kerneli mpya iweze kuisoma DTB ya zamani. Draiva ni C inayoita kazi za ndani ya kerneli, na kazi hizo hubadilika bila kumuomba mtu ruhusa. Wanaoingia matatani mara nyingi ni wale waliovichanganya viwili hivi na kuvitunza kama kitu kimoja.

## Kerneli ya mtengenezaji

Fadhila yake kubwa ni kwamba kila kitu kinafanya kazi siku ya kwanza. Kamera, picha ya HDMI, kusimbua video, Wi-Fi iliyobandikwa kwenye bodi, yote yamo. Kwa chipu mpya hakuna njia nyingine ya haraka. RK3588 ya Rockchip ilianza na kerneli ya mtengenezaji ya 5.10. Kerneli kuu iliipokea katika 6.3 ya mwaka 2023, na picha ya HDMI ikachelewa zaidi ya mwaka baada ya hapo. Ukitaka skrini ya ramani kwenye boti ya watalii ya Shela wakati huo, usingeweza kungoja.

Gharama inakuja baadaye. Bodi za Allwinner H3 ziliuzwa na kerneli ya 3.4, ambayo marekebisho yake rasmi yaliisha mwaka 2016, ilhali bodi zenyewe zinafanya kazi hadi leo. Tawi la 4.4 lilifungwa Februari 2022, la 4.19 Desemba 2024. Mtengenezaji akishauza, hana sababu ya kuhamisha maelfu ya viraka vyake (mabadiliko aliyoyatia kwenye msimbo) kwenda toleo jipya, nawe huwezi kuvihamisha peke yako.

Kuna mtego mwingine hapo. DTS ya mtengenezaji haifanani na ya kerneli kuu hata kama bodi ni ileile. Majina ya `compatible`, yanayoiambia kerneli kifaa kinataka draiva gani, hutofautiana, na sifa nyingi ni za kubuni. Ukichukua DTB yake na kuipa kerneli kuu, utapata bodi isiyowaka, au mbaya zaidi, inayowaka nusu.

Si watengenezaji wote walio sawa, na haki isemwe. Raspberry Pi wana mti wao, lakini unafuata matawi ya muda mrefu (yanayorekebishwa kwa miaka) kwa karibu: 6.1, kisha 6.6, kisha 6.12. Hiyo ni kerneli ya mtengenezaji unayoweza kuishi nayo. Kabla ya kununua bodi ya kampuni nyingine, fungua ghala lao la Git utazame mambo mawili: tarehe ya badiliko la mwisho, na kama nambari ya tatu ya toleo inasonga. Kerneli iliyoganda kwenye nambari ileile kwa mwaka mzima haipokei marekebisho ya usalama, hata tovuti yao iseme nini.

## Kerneli kuu

Kwa kisanduku cha gatini, hii ndiyo njia ya kwanza kuijaribu, na inastahili kuelezwa kwa urefu.

Anza na maswali, si msimbo. Je, DTS ya bodi yako imo ndani ya `arch/arm64/boot/dts/`, au `arch/arm/boot/dts/` kwa bodi za biti 32? Je, draiva za vifaa vya nje zimo? Kwa mfano wetu zimo zote: DS3231 inahudumiwa na `rtc-ds1307`, na MB7040 na draiva ya `mb1232` iliyo upande wa IIO, sehemu ya kerneli ya vipimo. Lakini kuwemo kwenye kerneli hakumaanishi kuwemo kwenye mfumo wako. Wanaotengeneza mfumo huchagua draiva za kuwasha, kwa hiyo hakikisha:

`grep -E "MB1232|RTC_DRV_DS1307" /boot/config-$(uname -r)`

Ikija `=m` (kama moduli) au `=y` (ndani ya kerneli yenyewe), kilichobaki ni maelezo tu, na hayo ni ovalei ndogo, yaani nyongeza juu ya mti wa vifaa:

```
/dts-v1/;
/plugin/;
&i2c1 {
    #address-cells = <1>;
    #size-cells = <0>;
    status = "okay";
    rtc@68 {
        compatible = "maxim,ds3231";
        reg = <0x68>;
    };
    sonar@70 {
        compatible = "maxbotix,mb7040";
        reg = <0x70>;
    };
};
```

Geuza kwa `dtc -@ -I dts -O dtb -o maji.dtbo maji.dts`. Kwenye Raspberry Pi iweke ndani ya `/boot/firmware/overlays/`, kisha uandike `dtoverlay=maji` kwenye `config.txt`. Umbali kutoka kipimo hadi maji unasomwa kupitia faili ya `in_distance_raw` chini ya `/sys/bus/iio/devices/`, ukizidisha kwa 0.01 kupata mita. Hakuna mstari hata mmoja wa C ulioandika, na hakuna wa kutunza.

Angalia anwani. Karatasi ya MB7040 inataja 224, ambayo ni anwani ya biti 8. DTS inataka ya biti 7, yaani nusu yake: 112, au 0x70. Kosa hili hula siku nzima, maana kila kitu kingine kinaonekana sawa.

La pili ni saa. Bodi nyingi zina RTC (saa ya tarehe) ya ndani isiyo na betri, nayo hujisajili kwanza kama `rtc0`. Kerneli huchukua muda kutoka `rtc0`, hivyo bodi inaamka na tarehe ya uongo ingawa DS3231 yenye betri ipo. Tarehe ikiwa ya uongo, vyeti vya TLS (ulinzi wa mawasiliano ya mtandao) vinakataliwa na data haitumwi. Tia `aliases` kwenye DTS ili `rtc0` iwe ni DS3231.

La tatu huwapata wanaohama kutoka kerneli ya mtengenezaji. Kerneli kuu huzima saa za ndani za chipu (mapigo yanayoendesha sehemu zake, si saa ya tarehe) na regulata za umeme ambazo hakuna draiva iliyozidai. Bodi inawaka vizuri, kisha muda mfupi baadaye modemu inakufa. Washa na `clk_ignore_unused` kwenye mstari wa kuwashia, na kuanzia 6.8 ongeza `regulator_ignore_unused`. Modemu ikibaki hai, umejua: DTS yako haijataja umeme wa kifaa hicho. Ongeza maelezo hayo, kisha uzitoe hizo mbili. Zikiachwa kama dawa ya kudumu zinakula betri ya sola bure.

Kifaa kisipotokea kabisa, soma `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Draiva inayongoja kitu kingine huorodheshwa pale, mara nyingi pamoja na sababu.

Na hapa pwani, usiilaumu DTS kabla ya kutazama pini. Hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa kijani kwa miezi. Kwenye Raspberry Pi, kosa la `-121` katika logi maana yake kifaa hakikuitikia: anwani si yake, au waya umekatika. `-110` ni muda umeisha, na mara nyingi laini imeshikwa chini au pini imeliwa na kutu. Kosa linalokuja na kuondoka kwa saa za siku, likizidi alfajiri wakati wa umande, si la msimbo.

Bodi isipokuwemo. Ikiwa chipu imo lakini bodi yako haimo, kazi si kubwa kama inavyoogopwa. Maelezo ya chipu yamo tayari katika faili ya `.dtsi`, faili ya bodi huwa mistari mia chache. Kiraka cha kwanza kinaongeza jina la bodi kwenye YAML iliyo chini ya `Documentation/devicetree/bindings/`, cha pili kinaleta DTS na mstari wake kwenye Makefile. Visichanganywe. Pitisha `make dt_binding_check`, kisha `make CHECK_DTBS=y` pamoja na jina la DTB yako, kisha `scripts/checkpatch.pl`. Mtunzaji wa kumtumia utamjua kwa `scripts/get_maintainer.pl`. Tuma kwa `git send-email`, maandishi matupu, na `Signed-off-by` yenye jina lako. Kimya kikizidi wiki moja, tuma tena kwa upole.

Hesabu muda. Dirisha la kupokea mapya hufunguka wiki 2, kisha majaribio ya wiki 7 au 8. Kiraka kilichokubaliwa leo kitaonekana kwenye toleo baada ya miezi kadhaa, na kwenye tawi la muda mrefu baadaye zaidi. Marekebisho ya kosa hupita haraka kwa mstari wa `Fixes:` na nakala kwa `stable@vger.kernel.org`. Nambari mpya za utambulisho wa vifaa nazo hupokelewa huko.

Jambo moja linasahaulika: kuingia si kukaa milele. Katika 6.3 faili nyingi za zamani za bodi za ARM ziliondolewa kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kusema anazitumia. Itanium nzima, aina ya prosesa ya Intel, iliondolewa katika 6.7. Kinga yake ni rahisi: weka bodi moja ya akiba mezani, iwashe na toleo la majaribio mara moja kila mzunguko, na ukipata kosa ripoti. Toleo na linalofuata hutenganishwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini `git bisect`, inayoigawa orodha nusu kwa nusu, hukufikisha kwenye mkosaji kwa hatua kama 14. Ni kazi ya siku moja. Bodi ikisahauliwa kwa matoleo 20, makosa hujazana na siku hiyo moja haitoshi.

## Moduli ya pembeni

Fundi wa Matondoni anajua kwamba jahazi likishatoka mikononi mwake kazi haijaisha. Litapandishwa ufukweni, litiwe kalafati na deheni upya, tena na tena maadamu linaelea. Moduli ya pembeni ni chombo cha namna hiyo, na anayeichagua achague akijua.

Kerneli inaahidi kutovunja programu za kawaida. Kwa draiva zilizo nje ya mti wake haiahidi chochote, na huo ni msimamo uliotangazwa. Tazama miaka michache tu: katika 6.1, kazi ya `remove` ya draiva za I2C iliacha kurudisha `int` ikawa `void`. Katika 6.4, `class_create` ilipoteza hoja yake ya kwanza. Katika 6.11, `remove` ya draiva za `platform` nayo ikawa `void`. Draiva zilizo ndani zilirekebishwa na waliobadilisha. Ya kwako utairekebisha wewe, na itajaa mistari ya namna hii:

```
#if LINUX_VERSION_CODE >= KERNEL_VERSION(6, 1, 0)
```

DKMS, zana ya kujenga upya moduli za pembeni, hupunguza kazi ya mikono. Msimbo unakaa `/usr/src/jina-toleo/` pamoja na `dkms.conf` yenye `AUTOINSTALL="yes"`, nayo huukompaili kila kerneli mpya inapowekwa. Kinachoharibika kwa kawaida ni vichwa vya kerneli (faili zinazohitajika kujengea moduli) kutokuwepo: kerneli mpya inawekwa, moduli haijengwi, onyo linapita bila kusomwa, na bodi inawaka bila draiva. Kama draiva hiyo ndiyo ya modemu, bodi imekatika na dunia mpaka mtu apande boti.

Kwa hiyo kanuni ngumu: kitu kinachokuunganisha na bodi kisiwe moduli ya pembeni. Nunua modemu au Wi-Fi ambayo draiva yake imo kwenye kerneli, hata ikizidi bei. Na ikiwa lazima, zuia kerneli isijisasishe yenyewe, mfano `apt-mark hold linux-image-arm64`, usasishe ukiwa umejaribu mezani kwanza.

Mahali pake halali ni kifaa ulichokibuni mwenyewe kinachohitaji interapti (ishara ya kuikatiza prosesa papo hapo), kwa muda wa kukiimarisha kabla ya kukipeleka kerneli kuu.

## Nje ya kerneli

Kipimo kinachosomwa mara moja kwa dakika hakihitaji draiva. Fungua `/dev/i2c-1`, tuma amri, ngoja, soma baiti mbili. Programu hiyo itaendelea kufanya kazi kerneli ikibadilika mara kumi. Maji ya bamvua hayapandi kwa milisekunde.

Mipaka ipo: programu mbili zikigusa kifaa kimoja zinavurugana, na saa haifai kabisa kuwekwa huku kwa kuwa kerneli inaihitaji mapema. `i2cdetect` ikionyesha `UU` badala ya nambari, draiva ya kerneli imekishika kifaa hicho, usikilazimishe.

Kwa pini za GPIO (za kuwasha, kuzima na kusoma vifaa moja kwa moja) tumia maktaba ya `libgpiod` na kuitaja pini kwa jina. Skripti nyingi za `echo 17 > /sys/class/gpio/export` zilikufa kwenye Raspberry Pi ilipofika 6.6, maana hesabu ya pini ilianza kutoka 512.

## Zikiwekwa ubavuni

| | Siku ya kwanza | Kila toleo jipya | Hufeli vipi |
|---|---|---|---|
| Mtengenezaji | Kila kitu kinawaka | Hakuna toleo jipya, au linamtegemea yeye | Polepole: usalama unazeeka kimyakimya |
| Kerneli kuu | Baadhi ya vifaa vinaweza kukosekana | Jaribio moja mezani | Kwa kelele, na huweza kusakwa kwa `git bisect` |
| Moduli ya pembeni | Kazi ya C | Kurekebisha wewe mwenyewe | Ghafla, baada ya kusasisha |
| Nje ya kerneli | Saa chache | Karibu hakuna | Vipimo vikihitaji kasi au interapti |

Kwa kisanduku cha Faza, au kingine cha namna hiyo kwenye gati la Malindi: kerneli kuu ya tawi la muda mrefu, 6.12 kwa mfano, saa na modemu kwa draiva zilizomo ndani, na kipimo cha mwangwi kwa ovalei au kwa programu ya kawaida kama mfumo wako haukuiwasha `mb1232`. Kwa skrini ya boti yenye ramani na kamera, kerneli ya mtengenezaji, mradi anaifuata 6.1 au mpya zaidi. Boti inarudi gatini kila jioni na unaweza kuigusa. Kwa laptopu ya ofisini usibebe chochote: vitufe maalumu na feni huhudumiwa chini ya `drivers/platform/x86`, na modeli isiyotambuliwa mara nyingi hutaka mstari mmoja tu kwenye orodha ya DMI (majina ya modeli), ambao hupokelewa kwa urahisi.

## Kabla kisanduku hakijafungwa

Njia yoyote uliyochagua, kerneli mpya itafeli siku moja. Andaa kurudi nyuma. Tia `panic=10` kwenye mstari wa kuwashia, maana bila hiyo kerneli ikianguka hubaki imelala. Washa mlinzi wa chipu (watchdog, unaoiwasha upya bodi iliyoganda) kupitia systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, kwa `RuntimeWatchdogSec=10`; wa Raspberry Pi hauvuki kama sekunde 15. Kwenye Raspberry Pi 4 na 5, weka kerneli mpya kwa `tryboot.txt` na uwashe kwa `sudo reboot '0 tryboot'`: ikishindwa, uwakaji unaofuata unarudi kwa `config.txt` ya zamani. Kwenye bodi zinazowashwa na programu ya U-Boot kazi hiyo hufanywa na `bootlimit` pamoja na `altbootcmd`.

Halafu jaribu kwa makusudi ukiwa bado Amu. Weka kerneli isiyo na draiva ya modemu, uone kama bodi inarudi yenyewe kwa ya zamani. Hapo utagundua kwamba mlinzi wa chipu hauoni mtandao kukatika: kerneli iko hai, systemd iko hai, na bodi imejifungia. Inahitajika huduma ndogo inayoiwasha bodi upya kama haijaifikia seva ndani ya dakika 15 tangu ijaribu kerneli mpya. Tafuta pia `Undervoltage detected!` kwenye logi wakati modemu inatuma, maana waya mwembamba wa USB huleta makosa yanayofanana kabisa na draiva mbovu. Mwishowe toa pini za siriali nje ya kisanduku kwa soketi isiyopitisha maji, na uandike juu ya kifuniko, kwa kalamu isiyofutika, kasi yake: 115200 kwa bodi nyingi, 1500000 kwa nyingi za Rockchip, na kwamba umeme wake ni volti 3.3, si 5.